Sayyida Salme na sahani za zidakani

Ukimtaja Sayyida Salme bwenini, wengi watakuambia jambo moja tu: yule binti wa Sultani wa Zanzibar aliyetoroka na Mjerumani. Basi. Hadithi inaishia hapo kama filamu ya mapenzi. Lakini mama huyu aliishi miaka 79, na mle ndani mna mambo yanayotugusa hata sisi tuliozaliwa mbali na bahari. Moja ni vyombo. Ndiyo, vyombo: sahani, bakuli na vikombe vya kauri. Salme ni miongoni mwa watu wachache sana waliotuachia maelezo ya ndani ya nyumba za kitajiri za Unguja katika karne ya 19, na kuta za nyumba hizo zilijaa sahani. Mimi kwetu ni Dindira, Korogwe, kwenye chai na vyungu. Nikisoma habari zake naona sahani zile na milima yetu havikuwa mbali kama tunavyodhani.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyeihamishia dola yake visiwani na kuvijaza mikarafuu. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka Cherkessia, kwenye milima ya Kaukazi, aliyetekwa vitani angali mtoto mdogo, akauzwa. Salme akakulia katika ua mkubwa wenye tausi, paa na mbuni, na mabafu ambayo hayakukosa watu mchana kutwa. Ndugu zake walikuwa makumi, wa mama mbalimbali, na lugha zilizosemwa mle ndani zilikuwa nyingi kama soko la Darajani.

Sasa ingia chumbani. Kuta za nyumba zile zilikuwa nene, za mawe na chokaa, na ndani ya kuta zilichongwa zidaka, yaani vile vishubaka virefu kwenda juu. Ndani ya zidaka zilipangwa rafu za mbao, na juu ya rafu vikapangwa vitu kwa ulinganifu: bilauri za kioo kilichochongwa, sahani za kauri zenye maua, mabirika, bakuli. Katikati palining'inia vioo vikubwa kutoka Ulaya, na saa za ukutani. Salme anaeleza kwamba kwa matajiri wa Unguja bei haikuwa hoja kabisa. Chombo kikipendeza, kilinunuliwa. Na hakikununuliwa kiliwe. Kilinunuliwa kitazamwe.

Hebu tusimame hapo kidogo, kwa sababu tabia hiyo haikuanzia kwa Waomani. Pwani yetu ilikuwa ikipenda kauri ya China karne nyingi kabla yao. Kilwa Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vyake kwa wingi. Kunduchi, pale Dar es Salaam, na Kaole karibu na Bagamoyo, yapo makaburi ya mnara ambayo wajenzi waliyapachika sahani na bakuli kwenye plasta. Tongoni, kusini ya Tanga, yapo makaburi mengi zaidi ya aina hiyo, na ukienda leo utaona mashimo ya duara yaliyobaki baada ya bakuli kung'olewa. Nyumba za zamani za Lamu na Pate nazo zina kuta nzima za zidaka. Kwa hiyo sahani ilimpamba mtu angali hai sebuleni, na akifa ikamfuata kaburini. Wapo wasemao pia kwamba ilizuia kijicho: jicho baya linaishia kwenye ung'aavu wa sahani, halimfikii mwenyewe.

Kwa nini kauri ilithaminiwa hivyo? Jibu lipo kwenye moto. Chungu cha kwetu milimani kinafinyangwa kwa mkono, kinaanikwa, kisha kinachomwa uwanjani kwa kuni na nyasi, na joto lake kwa kawaida halifiki nyuzi 1,000. Kinabaki na vinyweleo vidogo, ndiyo maana maji ya mtungini yanapoa. Kauri inataka udongo mweupe wa kaolini, uchanganywe na jiwe la aina fulani lililosagwa, halafu uingie kwenye tanuri la nyuzi 1,300 hivi. Hapo udongo unageuka nusu kioo. Haunywi maji, mwanga unapenya, na ukiugonga kwa ukucha unalia kama kengele. Wachina waliijua siri hiyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wazungu hawakuijua hadi mwanzoni mwa karne ya 18.

Na jina lenyewe lina kisa. Kwa Kiswahili kauri ni chombo cha kichina, na kauri ni yule konokono wa baharini mwenye kombe jeupe linalong'aa. Waitaliano nao walifanya vilevile: neno lao porcellana lilikuwa la kombe la bahari kabla halijawa la sahani. Watu wawili wasiofahamiana wameangalia kitu kimoja, wakakifananisha na kitu kilekile.

Katika ujana wa Salme kauri hizi mbili zilikutana bandarini. Makampuni ya Hamburg, O'Swald mojawapo, yalinunua makombe ya kauri hapa pwani kwa bei ndogo na kuyapeleka Afrika Magharibi, ambako yalikuwa fedha halali sokoni. Faida ilikuwa kubwa mno. Upande wa pili, meli za Ulaya zilileta vyombo: sahani za Uingereza zilizopigwa chapa za maua, na bakuli za rangi kali kutoka viwanda vya Maastricht, Uholanzi, ambavyo viliuza sana Asia na Afrika Mashariki. Nyingi ya hizo hazikuwa kauri halisi, ila udongo mweupe uliopakwa vizuri. Tajiri alinunua ya kweli, wa chini yake akanunua inayofanana. Mambo hayajabadilika sana, si ndiyo?

Lakini nani alilipa? Hapa ndipo wengi tunapita haraka. Zidaka zilijazwa kwa fedha ya karafuu, pembe za ndovu na watu. Karafuu zilichumwa na watumwa. Pembe zilitoka bara kwa misafara, na njia moja kubwa ilifuata bonde la mto Pangani, ikipita chini ya milima yetu. Katika miaka ya 1830, Sayyid Said akiwa madarakani, ukame mkali uliipiga nchi ya Wazigua, ile tunayoiita leo Handeni na sehemu ya Korogwe. Watu wenye njaa wakachukuliwa hadi pwani na kusafirishwa kwenda kusini mwa Somalia, wakauzwa. Wajukuu wao waliendelea kusema Kizigua kulekule. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowafukuza, baadhi yao walirudi, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia wa Tanzania. Ukihesabu thamani ya sahani moja ya zidakani, weka na hilo kwenye hesabu.

Salme mwenyewe hakuliona hivyo. Katika kitabu chake aliutetea utumwa wa Waarabu, akidai ulikuwa wa upole kuliko ule wa Wazungu kule Amerika. Alikuwa binti wa mtumwa, na bado aliandika hivyo. Tukimsoma tusimfiche hapo, wala tusimtupe kwa sababu hiyo. Alikuwa mtu wa nyumba aliyokulia.

Tofauti yake na dada zake ilianza na jambo dogo. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini si kuandika. Salme akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa bapa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto. Ilipojulikana, walimlaumu. Baadaye walimhitaji.

Mwaka 1856 Sayyid Said alifia baharini akirudi kutoka Oman. Salme, mwenye miaka 12, akatangazwa mtu mzima na kupewa urithi wake: shamba, nyumba na fedha. Miaka mitatu baadaye mama yake akafa kwa kipindupindu. Mwaka uleule, 1859, kaka zake wawili wakagombana: Majid, aliyekuwa Sultani, na Barghash, aliyekitaka kiti. Salme alimpenda Majid, lakini alivutwa upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika akawa karani wa waasi akiwa na miaka 15. Waingereza wakaingilia kati, uasi ukazimwa, Barghash akapelekwa Bombay. Salme akajitenga kwenye mashamba yake, Kizimbani na kisha Bububu. Majid alimsamehe. Barghash hakusahau kwamba baadaye dada yake alipatana na Majid.

Aliporudi mjini alipanga nyumba jirani na mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Madari yao yalitazamana. Yaliyofuata mnayajua. Salme akapata mimba, na kwa binti wa Sultani, mimba ya mgeni asiye Mwislamu ilikuwa hatari ya maisha. Agosti 1866, usiku, akapanda manowari ya Uingereza, Highflyer, ikampeleka Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa na Ruete siku hiyohiyo. Mtoto wao akafa mwaka huohuo, hata Hamburg hawajaizoea.

Hapo Ujerumani alipata watoto watatu katika miaka mitatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Agosti 1870 mumewe akaanguka kutoka kwenye tramu ya farasi, ikamkanyaga, akafa. Salme akabaki mjane wa miaka 25, Kijerumani chake kikiwa bado hakijanyooka, watoto watatu mikononi. Nyumbani walimhesabu aliyeritadi, kwa hiyo urithi wa ndugu zake waliokufa haukumfikia. Alihamahama kutafuta maisha nafuu, akafundisha Kiarabu ili watoto wale.

Mmoja wa miji aliyoishi ni Dresden. Na Dresden, wanachuo wenzangu, ndiyo Makka ya wapenda kauri Ulaya. Mtawala wake wa zamani, Augustus, aliyeitwa Mwenye Nguvu, alishikwa na ugonjwa wa sahani kuliko matajiri wote wa Unguja wakiwekwa pamoja. Alimfungia kijana mmoja, Johann Friedrich Böttger, aliyejigamba anaweza kutengeneza dhahabu. Dhahabu haikutoka, ila kwa kusaidiana na wataalamu wengine kijana akapata kauri, na mwaka 1710 kiwanda cha Meissen kikaanzishwa, karibu na Dresden. Augustus huyohuyo, mwaka 1717, alimpa mfalme wa Prussia askari 600 wa farasi, naye akapewa vyombo 151 vya China. Watu kwa sahani. Kwa hiyo mtu wa Ulaya akitusimulia kwamba biashara ya namna hiyo ilikuwa ya Waarabu tu, tumwonyeshe hesabu hiyo.

Alichotaka Salme ni haki yake. Mwaka 1875 Barghash, sasa akiwa Sultani, alizuru London. Salme akamfuata, akitumaini kuonana naye. Wakubwa wa Uingereza wakamshawishi asimsogelee, wakimpa matumaini kwamba watoto wake wataangaliwa. Akakubali. Ziara ilipokwisha, matumaini nayo yakaisha.

Kisha ikaja 1885, na hapa ndipo kwetu tunapoingia. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters na wenzake walipita bara wakikusanya misalaba ya machifu kwenye karatasi ambazo machifu hawakuweza kuzisoma. Nchi walizodai wamepewa ni Usagara, Nguru, Ukami na Uzigua. Uzigua ndiyo Handeni yetu na Korogwe ya bondeni. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazikubali karatasi hizo. Barghash akapinga, akisema nchi hizo ni zake. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, na ndani ya meli Adler alikuwemo Salme na watoto wake.

Bismarck alimleta kama karata. Madai ya mama mwenye watoto wa Kijerumani yangekuwa sababu nzuri ya kumbana Sultani. Lakini mizinga ilitosha. Barghash akasalimu amri, na karata haikuchezwa. Wajerumani wakapata bara. Salme akapata kuiona Unguja kwa mbali na kwa karibu, watu wa mjini wakimsalimia kwa furaha barabarani, kaka yake akikataa kabisa kumpokea. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, mashamba makubwa yakakata misitu ya Usambara. Hakuna aliyewauliza watu wa Uzigua, wala aliyemlipa binti wa Sultani. Sisemi mateso yao yalilingana, la hasha. Nasema waliuzwa katika mnada mmoja.

Mwaka uliofuata, 1886, kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka Berlin kwa Kijerumani. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya maisha ya mwandishi mwenyewe vilivyoandikwa na mwanamke wa Kiarabu. Mle ndani ndimo zimo zidaka, bilauri na sahani nilizozitaja. Barghash akafa 1888, Salme akarudi Unguja mara ya pili mwaka huohuo, akarudi mikono mitupu. Safari hii hakuvumilia tena Ujerumani. Kuanzia 1889 hadi 1914 aliishi nchi za Sham, hasa Beirut, ambako angalau aliisikia adhana na Kiarabu mitaani.

Alifariki tarehe 29 Februari 1924 mjini Jena. Kusini kidogo ya Jena upo mji mdogo uitwao Kahla, wenye kiwanda cha kauri kilichoanzishwa 1844, mwaka aliozaliwa yeye. Ni sadfa tu, lakini nimeipenda. Alizikwa Hamburg, kando ya mumewe, na inasimuliwa kwamba pamoja naye kilizikwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, alichokitunza miaka yote.

Mchanga. Si sahani, si dhahabu.

Sasa turudi kwetu. Nyumba nyingi tulizotoka zina kidaka chake, ila siku hizi kinaitwa kabati la vyombo. Lina milango ya kioo, kitambaa cha kufuma, na vikombe vya wageni ambavyo mtoto akivigusa anajua atakachopata. Dindira tunachuma majani ya chai, na kikombe kizuri cha kuinywea kinakaa kabatini kikimsubiri mgeni. Nacho kinafanya kazi ileile: kinasema hapa pana watu wenye heshima zao. Ni hamu ya kale na siioni kuwa ya upuuzi.

Kama hamu hiyo unayo na boom haitoshi, pita kwa wauza vyombo vya mtumba. Inua kikombe juani. Ukiona kivuli cha vidole vyako kupitia ubavu wake, huenda umeshika kauri. Kigonge taratibu usikie kinalia au kinanung'unika. Kigeuze utazame alama ya chini: panga mbili za buluu zilizopishana ni alama ya Meissen, ingawa imeigwa mno, kwa hiyo usikimbilie kushangilia. Kikiwa na jina la nchi kwa Kiingereza, mara nyingi kimetengenezwa baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa za nje ziandikwe zimetoka wapi. Lakini kwenye mahame, kama Tongoni au Kunduchi, usiokote hata kigae. Sheria inakataza, na kigae kikiondoka pale kilipolala, habari yake nayo imeondoka.

Na usipite chungu ukidhani ni kitu cha jikoni tu. Usambara na Uzigua ufinyanzi ni kazi ya wanawake, kutoka bibi kwenda kwa mjukuu, na wapo wanaoifanya hadi leo. Kazi yao haina alama chini yake, hivyo mfinyanzi akifa jina lake hupotea. Tuna simu, tuna idara za historia na sanaa, tuna likizo ndefu. Mwanachuo wa Korogwe akirudi nyumbani Desemba anaweza kukaa na mfinyanzi siku tatu, akaandika udongo unatoka wapi, unachanganywa na nini, chungu kinaitwa nani kwa Kisambaa au Kizigua.

Salme alinyimwa mashamba, nyumba na vyombo vyote vya zidakani. Kilichobaki mkononi ni kile alichojifundisha kwa siri kwenye mfupa wa ngamia. Bila kuandika kwake, kuta zile zingekuwa chokaa tupu, na leo tusingejua hata rangi ya rafu.